Swali la lugha: Dau, jahazi na mashua si jina moja la kitu kimoja

Swali. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Bagamoyo ametuandikia hivi: «Nilikuwa nikitafsiri somo la historia nikakutana na neno la Kiingereza "dhow". Mwenzangu alipendekeza "dau", mimi nikaandika "jahazi", na mwanafunzi mmoja ambaye baba yake ni fundi wa vyombo akasema kwamba sote wawili huenda tumekosea, kwa kuwa hatujui ni chombo gani kinachozungumzwa. Sentensi tuliyoiacha ubaoni ilikuwa hii: "Wafanyabiashara wa Uarabuni walifika pwani kwa madau, wakisukumwa na pepo za msimu." Naomba kujua kama dau, jahazi, mashua, mtepe, ngalawa na mtumbwi ni visawe, na ngeli zake ni zipi, kwa sababu wanafunzi wangu huandika "mashua haya yamefika" na "jahazi zimefika". Je, kuna haja ya kuwafundisha maneno haya watoto ambao wengi wao hawajawahi kuona tanga likitwekwa?»

Jibu. Mwalimu, mwanafunzi wako amesema jambo la msingi, nasi tutalifuata. Maneno hayo sita si visawe. Kamusi nyingi huyaeleza kwa ukubwa, kwamba hiki ni chombo kidogo na kile ni kikubwa, na msomaji hubaki akidhani kuwa tofauti ni ya urefu tu. Kwa mafundi na mabaharia, jina la chombo hutaja kwanza namna kilivyotengenezwa, na ukubwa huja baadaye. Mtumbwi huchongwa, mtepe hushonwa, jahazi huundwa kwa mbao zilizopigiliwa misumari. Ukivishika vitenzi hivyo vitatu, yaani kuchonga, kushona na kuunda, utakuwa umeshika pia sehemu kubwa ya historia ya vyombo vya majini katika pwani yetu.

Tuanze na kuchonga. Mtumbwi ni gogo moja lililochimbwa ndani, na hauna ubao wa kuunganishwa popote. Ufundi huu ni wa kale mno barani Afrika. Mtumbwi wa Dufuna, ulioibuliwa kaskazini-mashariki mwa Nigeria baada ya mfugaji mmoja kuugonga akichimba kisima mwaka 1987, unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 8,000 hivi. Jambo la kuvutia kwa mpenzi wa lugha ni kwamba jirani zetu wengi wa bara wamehifadhi neno la Kibantu la kale kwa chombo hiki: Wanyarwanda na Warundi husema «ubwato», Waganda «eryato», na wasemaji wa Kilingala «bwato». Shina ni moja katika lugha hizo zote, ingawa zimetengana kwa mamia ya kilomita, na hiyo ni dalili kwamba wasemaji wa Kibantu walijua kupita mitoni na ziwani kabla hawajasambaa. Kiswahili sanifu cha leo hakilitumii neno hilo katika usemi wa kila siku, bali kinatumia «mtumbwi» kwa gogo lililochongwa na «chombo» kwa jina la jumla.

Ngalawa nayo ni gogo la kuchongwa, aghalabu la mwembe, lakini imeongezewa kitu kinachoitofautisha kabisa na mtumbwi. Juu yake hukatishwa miti miwili, na kwenye ncha za miti hiyo hufungwa vipande vya ubao, kimoja kila upande, vinavyogusa maji na kuizuia isipinduke inapokuwa na tanga. Ufundi wa kuweka vizuizi vya namna hiyo ulitoka kwa mabaharia wa visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, watu wale wale ambao kizazi chao kilifika na kukaa Madagaska, na ndiyo maana ngalawa inaonekana Komoro na Madagaska kama inavyoonekana Zanzibar na Mafia. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika «mtumbwi» mahali ambapo picha inaonyesha ngalawa amekosea, hata kama vyombo vyote viwili vinatoshana urefu.

Sasa tufike kwenye mtepe, nami nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndilo neno linalosahaulika kwa kasi kuliko yote uliyoyataja na lina historia ndefu. Mtepe ulikuwa chombo cha mbao zilizoshonwa. Fundi alitoboa matundu kandokando ya kila ubao, akapitisha kamba za makumbi ya nazi, akazikaza, kisha akaziba matundu kwa vipande vya mti. Hapakuwa na msumari wa chuma ubavuni mwake. Tanga lake halikuwa la kitambaa wala halikuwa na pembe tatu, bali lilikuwa la mraba, lililosukwa kama mkeka. Omo lake, yaani sehemu ya mbele, lilipanda juu kama shingo ya ngamia, na lilichorwa macho. Mitepe iliundwa hasa katika visiwa vya Lamu na kaskazini yake miongoni mwa Wabajuni, ikabeba boriti za mikoko na shehena nyingine kando ya pwani hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ilipoanza kutoweka.

Kwa nini wazee wetu walishona badala ya kupigilia? Katika karne za kati ilienezwa hadithi kwamba baharini kuna mlima wa sumaku unaozing'oa misumari ya meli, kwa hiyo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliogopa chuma. Hadithi hiyo inapendeza, lakini sababu za kweli ni za kazi. Misumari ya chuma ilikuwa ghali na huoza kwa chumvi, ilhali minazi ilikuwa tele. Na chombo kilichoshonwa hujipinda kidogo kinapogonga mchanga au mwamba, badala ya kupasuka. Hasara yake ilikuwa kuvuja. Baharia wa mtepe alikuwa na kazi ya kufua maji karibu wakati wote, na angalia hapo, mwalimu, kwamba «kufua» kwa maana ya kuteka maji chomboni na kuyamwaga nje ni neno halali la kibaharia ambalo halina uhusiano na nguo.

Ushonaji huu unashuhudiwa na maandishi ya kale sana. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaojulikana kama Periplus, unautaja mji wa biashara wa mwisho katika pwani hii kwa jina la Rhapta, na mwandishi mwenyewe anaeleza kuwa jina hilo latokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwapo hapo, kwa kuwa kwa Kigiriki kitenzi cha kushona ndicho kilichozaa neno hilo. Yaani mmoja wa miji ya kwanza ya pwani hii kuandikwa na wageni uliitwa kwa ufundi wa vyombo vyake. Ufundi huo ulienea katika bahari yote: mabaki ya merikebu ya karne ya 9 yaliyogunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mwaka 1998 yalikuwa ya chombo cha kushonwa, na mwaka 2010 chombo kilichoundwa kwa mfano wake kilisafiri kutoka Oman hadi Singapore. Zanzibar nako, mwanzoni mwa karne hii, mafundi waliunda upya mtepe ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Anayetaka kuwaonyesha watoto umbo la chombo hiki anaweza pia kutazama mifano midogo iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu.

Kutoka kwenye mtepe tunaweza kulielewa dau. Dau ni chombo kilichochongoka mbele na nyuma, kisicho na shetri, yaani sehemu ya nyuma, pana kama ya mashua. Watu wa Lamu walitofautisha «dau la mtepe», lililoshonwa, na «dau la msumari», lililopigiliwa. Nayapenda sana majina hayo mawili, kwa sababu yanaonyesha lugha ikishuhudia badiliko la ufundi papo hapo: zamani dau lilikuwa dau tu, na misumari ilipoenea ndipo ikawa lazima kusema ni dau la namna gani. Sehemu nyingi za pwani dau limekuwa chombo cha mvuvi wa kawaida, na methali inakumbusha hadhi hiyo: «Dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda.» Kwenda joshi ni kusafiri kwa kuukaribia upepo unaotoka mbele, jambo linalohitaji tanga zuri na chombo kilichoundwa vema. Ukiondoa maana hiyo ya kibaharia, methali inabaki maneno matupu ambayo mtoto huyakariri bila kuyaona.

Jahazi na mashua ni ndugu. Vyote viwili vina mkuku, yaani mti mrefu wa msingi, chini, mataruma ya ndani yanayoshikilia umbo, mbao zilizopigiliwa misumari, na tanga la pembe linaloning'inia kwenye foromali, yaani mti mrefu wa kushikilia tanga. Nyufa zake hujazwa pamba kwa kazi iitwayo kukalafati, na chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Jahazi ni kubwa, hubeba shehena kwa safari za mbali. Mashua ni ndogo, hutumika kwa uvuvi na safari fupi. Kati ya hivi viwili peke yake ndipo ukubwa unapokuwa kigezo cha kweli. Neno «jahazi» linatokana na Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni vifaa au mahitaji yaliyotayarishwa, na katika Kiajemi na Kihindi likawa jina la meli. «Mashua» ni neno la bahari nzima: mabaharia wa Ghuba wanalo kwa mashua ndogo ya kuhudumia chombo kikubwa, na pwani ya magharibi ya India wana chombo chao kiitwacho machwa. Mafundi wa Matondoni, Lamu, na wa Nungwi, Unguja, bado wanaunda vyombo hivi ufukweni, wakipima kwa jicho na uzoefu kuliko kwa ramani ya karatasi.

Tunaweza sasa kuirudia sentensi yako. Neno la Kiingereza «dhow» ni jina la jumla ambalo Waingereza walilitumia kwa kila chombo cha tanga cha Bahari ya Hindi magharibi. Wataalamu wanabishana kuhusu asili yake, na wapo wanaolihusisha na dau letu. Lakini Waarabu wenyewe hawakuliita kundi hilo lote kwa neno hilo. Wao, kama sisi, walitaja kila chombo kwa aina yake, na majina ya vyombo vyao yaliingia katika midomo ya watu wa pwani: bagala, bedeni, sambuku, bumu. Hivyo ndivyo vyombo vilivyokuja na upepo wa kaskazi kati ya Desemba na Machi vikileta tende, chumvi na mazulia, vikasubiri upepo wa kusi, kisha vikarudi Oman na Ghuba vikiwa vimesheheni boriti. Kuviita «madau» ni kuvipunguza. Mtoto wa Bagamoyo atakayesoma «madau» atawaza chombo cha jirani yake mvuvi, na hataelewa jinsi chombo hicho kilivyoweza kuvuka kutoka Sur, bandari ya Oman, hadi Zanzibar kikiwa na mzigo. Kwa hiyo, pale matini ya Kiingereza isipotaja aina, tafsiri bora ni «majahazi» au, kwa usalama zaidi, «vyombo vya matanga». Mwenzako alivutwa na mfanano wa sauti, kosa ambalo ni rahisi kulifanya na ambalo limeingia hata katika vitabu.

Kuhusu ngeli, jahazi na dau ni za LI-YA: jahazi hili limefika, majahazi haya yamefika, dau hili, madau haya. Mtumbwi na mtepe ni za U-I: mtepe huu, mitepe hii. Ngalawa, mashua, merikebu, meli na boti ni za I-ZI, na umoja na wingi wake havibadiliki: mashua hii imefika, mashua hizi zimefika. Kosa la wanafunzi wako katika «mashua haya» lina mantiki yake, kwa sababu wanaiona silabi «ma» mwanzoni wakadhani ni kiambishi cha wingi. Waulize umoja wake: je, kuna kitu kinachoitwa «shua»? Hakipo, «ma» hiyo ni sehemu ya shina, kama ilivyo katika «mashine» na «maabara». Mfano mzuri kuliko yote ni «manowari», meli ya kivita, ambalo ni neno la Kiingereza lililoingia zima zima na silabi yake ya kwanza, nalo husemwa «manowari hii» na «manowari hizi». Kuhusu «jahazi zimefika», utalisikia sana katika mazungumzo, hata kwa watu wa pwani, na mimi simsahihishi mzee anayezungumza nami bandarini. Lakini katika insha ya shule na katika kitabu, andika «majahazi yamefika».

Umeliacha nje ya swali lako neno «meli», nami naliongeza kwa ufupi kwa sababu wanafunzi watalihitaji. Chombo kikubwa kiliitwa zamani «merikebu», kutoka Kiarabu, ambako neno hilo lina shina moja na kitenzi cha kupanda; na meli za mvuke zilipotokea watu walisema «merikebu ya moshi». Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, na kampuni ya meli ya British India kuanza safari za kupeleka barua Zanzibar mwaka 1872, neno la Kiingereza la barua na posta likawa jina la chombo kilichozileta, na hatimaye la kila chombo kikubwa cha chuma. Ndiyo maana leo tunaiita meli hata ile isiyobeba barua hata moja, kama Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyounganishwa Kigoma na Wajerumani, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924. «Merikebu» halijafa; linaishi katika tafsiri za Biblia na katika ushairi, na «safina» limebaki kuwa chombo cha Nuhu. Neno jingine la wakati huo, «stima», lilikuwa jina la meli ya mvuke, na Kenya limepanda nchi kavu na kuwa jina la umeme. Boti ni neno pana la siku hizi kwa vyombo vya injini, na halina kosa, mradi lisitumiwe kufunika majina ya vyombo vya tanga.

Nimelifikia swali lako la mwisho, nalo limenigusa: je, kuna haja ya kuwafundisha maneno haya watoto wasioona tanga? Watoto hao wanayatumia maneno ya baharini tangu asubuhi hadi jioni bila kuambiwa. Mtoto anapopanda daladala anakuwa abiria, na «kuabiri» maana yake ni kuvuka au kusafiri kwa chombo. Analipa nauli, ambayo katika Kiarabu, na kabla yake katika Kigiriki, ilikuwa malipo ya kusafirisha kwa meli. Dereva ameshika usukani, neno lililokuwa la ule ubao wa nyuma unaoongoza chombo. Jioni anatazama mpira na kumsifu nahodha wa timu, cheo ambacho Waajemi walimpa mwenye kuongoza merikebu. Akiota kuwa rubani wa ndege, ameota kazi ambayo jina lake ni la mwongozaji wa chombo cha majini. Hata sisi walimu wa lugha tunapofundisha «muundo wa sentensi» tumeazima neno la fundi seremala, kwa kuwa «kuunda» lilitumika hasa kwa kazi ya kujenga chombo cha mbao, kuunganisha mkuku, mataruma na mbao hadi kiweze kuelea. Kwa hiyo usiyafundishe kama maneno ya kale yanayohitaji kuokolewa. Anza na abiria na usukani, kisha uwarudishe watoto hadi ufukweni maneno hayo yalikotoka.

Sentensi yako, basi, iandikwe hivi: «Wafanyabiashara wa Uarabuni walifika pwani kwa majahazi yao, wakisukumwa na kaskazi.» Nimebadilisha pia «pepo za msimu», ambazo si kosa, kwa sababu pwani yetu ina jina la upepo ule hasa uliowaleta, na upepo wa kuwarudisha una jina lake, kusi. Na kwa kuwa una mwanafunzi ambaye baba yake ni fundi, mwombe baba huyo aje darasani, au uwapeleke wanafunzi kwenye chombo anachokiunda, waguse kwa mikono yao na kutaja omo, tezi (sehemu ya nyuma), mkuku na taruma. Mimi nitafurahi kupokea majina mengine atakayowapa, hasa yale ambayo kamusi zetu hazina.